Ipo Wapi, na kwa Kosa la Mita Ngapi?

Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilikuwa ikiondoka upande wa bara wa Mwanza ikiwa na dawa, inakata maji ya Ziwa Victoria, kisha inatua Ukerewe. Mradi uliitwa Deliver Future, na wenyewe walikuwa DHL, kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani na shirika la GIZ. Majaribio yalichukua miezi sita. Safari ni kilomita 60, na kwa wastani ndege iliimaliza kwa dakika 40. Ukizipeleka dawa hizohizo kwa gari, ukazunguka kwa Bunda na kusubiri kivuko cha Kisorya, unakwenda kilomita 240 na saa sita zinaisha. Hadi majaribio yanafungwa, ndege ile ilikuwa imeruka kilomita 2,200 na kukaa angani kwa dakika 2,000 hivi.

Magazeti yaliandika habari za dawa, na yalifanya vyema. Ukerewe ina watu kama 400,000, na mgonjwa wa kisiwani anajua maana ya kuambiwa dawa iko njiani. Mimi nilibaki na swali jingine. Kilomita 60 kwa dakika 40 ni mwendo wa kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde. Katikati ya safari, mtu aliyesimama nchi kavu haioni ndege wala haisikii. Alijuaje iko wapi? Na alipojua, alikuwa akikosea kwa mita ngapi?

Swali hilo ndilo kazi yangu. Mimi ni mpima ardhi. Nilianza kama wapima wengine wa Mwanza, kupima viwanja vya Buswelu na Kisesa, kupandisha mashine kwenye majabali na kuwaonyesha watu bikoni zao, yaani alama za mipaka. Siku hizi wanaojaribu ndege zisizo na rubani kandokando ya ziwa huniita pia. Wao wanarusha, mimi nathibitisha njia. Ndege ikishatua tunakuwa na njia mbili mezani: ile ambayo ndege yenyewe inadhani ilipita, na ile ambayo sisi tunaweza kuitetea kwa vipimo vyetu. Majaribio yote yanalala katika tofauti ya hizo mbili. Na ili tofauti hiyo iwe na maana, njia yetu sharti iwe sahihi mara kadhaa kuliko ya ndege. Vinginevyo utakuwa unapima kitambaa kwa rula iliyopinda.

Watu wengi wakisikia hivyo hujibu haraka: si GPS tu? Simu yangu inajua nilipo.

GPS ni kifaa kizuri mno, na bila hicho nisingekuwa na la kuandika. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikitangaza saa yake. Kipokezi kinalinganisha muda ishara ilipotumwa na ilipofika, kinapata umbali, na umbali wa setilaiti nne au zaidi unakipa mahali. Ugumu uko kwenye saa. Ishara ya redio husafiri sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300.

Hapa Mwanza ishara hiyo inapata misukosuko ambayo ya Ulaya haiipati. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Juu yetu kuna tabaka la hewa yenye chaji za umeme, ionosfia, ambalo katika ukanda huu wa tropiki huwa zito na lenye mapovu baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, na zaidi katika miaka ambayo jua limechachamaa. Ishara ya setilaiti ikipita kwenye mapovu hayo inatetemeka, wakati mwingine inakatika kabisa. Ulaya na Marekani zina mitandao ya setilaiti za kusahihisha GPS kwa ajili ya ndege. Eneo letu halimo katika huduma hizo. Ndiyo maana mimi husisitiza majaribio ya jioni yafanyike pia, si ya asubuhi tu. Mgonjwa hachagui saa ya kuugua, na mfumo uliopimwa saa tatu asubuhi pekee haujapimwa.

Kuna pia mwangwi. Mwanza ni mji wa majabali na mabati. Ishara inayogonga paa la bati la mlimani Mabatini au uso wa jiwe kubwa, kisha ikaruka na kuingia kwenye antena, imesafiri umbali wa ziada, na kipokezi hakina namna rahisi ya kujua. Maji yaliyotulia nayo yanarudisha ishara vilevile. Ndege iliyo chini chini juu ya ziwa inapokea setilaiti kutoka juu na mwangwi wake kutoka chini.

Dawa ya sehemu kubwa ya matatizo haya tunayo sisi wapima. Unaweka kipokezi cha pili juu ya bikoni unayoijua kwa uhakika, na hakisogei. Kwa kuwa kinajua kilipo, kila setilaiti inapokidanganya kinagundua, na kinaipelekea ndege masahihisho kwa redio papo hapo. Badala ya kuhesabu saa peke yake, vipokezi hivi viwili vinahesabu mawimbi yenyewe ya redio, na wimbi moja la ishara ya kawaida ya GPS lina urefu wa sentimita 19. Ukigawanya wimbi hilo vipande, unafika kwenye sentimita chache. Ndege ikienda mbali na kituo, usahihi unapungua, maana anga iliyo juu ya ndege si ileile iliyo juu ya bikoni.

Lakini bikoni ipi? Ramani nyingi za zamani za Tanzania, zile za karatasi zenye mistari ya miinuko, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. GPS inatumia msingi mwingine, WGS84. Sehemu ileile ya ardhi, mathalani kona ya gati la Nansio kule Ukerewe, ina namba tofauti katika misingi hiyo miwili, na tofauti yenyewe ni karibu mita 300, zaidi ikielekea kaskazini au kusini. Mita 300 kando ya ziwa ni tofauti ya uwanja wa hospitali na maji. Kwa hiyo kabla sijapandisha antena huuliza namba za bikoni zimetoka msingi gani, na kama hakuna anayeweza kunijibu napima upya mwenyewe. Nchi yetu ina mtandao wa kisasa wa alama za upimaji, TAREF11, na ninashauri kila anayejaribu ndege aanzie hapo.

Sasa fikiria ndege imepoteza setilaiti kwa muda. Ndani yake kuna vihisi ambavyo havihitaji kuona kitu chochote nje. Vitatu vinapima mchapuko, yaani kasi inavyoongezeka au kupungua, kila kimoja kwa upande wake. Vingine vitatu vinapima mzunguko, navyo tunaviita jairo. Vinatoa taarifa mara mia kadhaa kwa sekunde, havijali mawingu wala usiku. Ukijua ulipoanzia, na ukajua kila mchapuko tangu hapo, unaweza kuhesabu ulipo. Tatizo lake ni kwamba kosa dogo linazaliana. Chukua kihisi kinachokosea mita 0.01 kwa sekunde ya mraba, kiasi ambacho hata mkono hauwezi kuhisi. Baada ya dakika moja kimekupoteza mita 18. Baada ya dakika 10 kimekupoteza mita 1,800. Vihisi vya ndege kubwa za abiria ni bora mara nyingi kuliko hivyo, na bei yake ni ya ndege kubwa. Katika ndege ndogo ya kubeba kilo 4 za dawa unapata vile vya bei nafuu, kwa hiyo vinaaminika kwa sekunde chache, baada ya hapo vinahitaji kurekebishwa.

Kwa upande wa urefu kutoka chini kuna barometa, na hapa ndipo ziwa linaponipa kazi kuliko mahali pengine popote. Barometa inapima mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda hewa inapungua. Kwa mwinuko wetu, kila hektopaskali moja ni kama mita 9 hadi 10. Ni kihisi chepesi, cha haraka, na tofauti ndogo ya urefu inakiona vizuri. Lakini hewa yenyewe haikai. Katika nchi za tropiki mgandamizo unapanda na kushuka kila siku kwa mpango, kama maji kujaa na kupwa: unafika juu karibu saa nne asubuhi, unashuka hadi chini karibu saa kumi jioni, kisha unarudia usiku. Tofauti ni hektopaskali 3 au zaidi. Weka barometa mezani asubuhi, usiiguse, uirudie jioni: itakuambia imepanda zaidi ya mita 20. Nimewaonyesha vijana wa majaribio jambo hili kwenye kibaraza cha ofisi, kifaa kikiwa kimekaa pembeni ya chupa ya chai, na mmoja akataka kukirudisha dukani. Kifaa kilikuwa kizima. Kilichosogea ni hewa ya Mwanza. Ongeza upepo wa ziwani unaoingia mchana na dhoruba za usiku zinazozaliwa katikati ya maji, utaona kwa nini barometa ya ndege inahitaji mwenzake chini, kwenye kituo, anayepima hewa ileile saa ileile.

GPS nayo ina tatizo lake la urefu. Haijui usawa wa bahari. Inapima kutoka kwenye umbo laini la dunia lililotengenezwa kwa hesabu, na katika eneo letu umbo hilo liko zaidi ya mita 10 juu ya usawa halisi wa bahari. Kipokezi kisichosahihishwa kitakuambia uko chini kuliko ulivyo. Halafu ziwa lenyewe linapanda. Kati ya mwishoni mwa 2019 na Mei 2020 maji yalipanda zaidi ya mita moja, mialo na magati yakazama, na mwaka 2024 yakapita hata hapo. Ndege iliyofundishwa kwamba uso wa ziwa uko mahali fulani inapaswa kufundishwa upya.

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, na 19 kati yao wakafariki. Sote wa kanda hii tunaikumbuka Jumapili ile. Sizungumzii chanzo cha ajali. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo, mtu akinitajia urefu wa chombo chochote juu ya maji haya kwa neno "takriban", nasimamisha kazi mpaka aniambie takriban kwa mita ngapi.

Ndege zinazoruka juu ya nchi kavu zina marafiki wengine: kamera inayotazama chini na kufuata mawe, miti na paa zinavyopita, leza inayopima umbali hadi ardhini. Juu ya ziwa marafiki hao wanakuacha. Kamera inatafuta alama isiyosogea na inakuta mawimbi, ikiyafuata inadhani ndege ndiyo inayokwenda upande. Leza ikigonga maji yaliyotulia, mara mwanga unarukia kwingine usirudi, mara unapenya chini ya uso. Dira ya sumaku inafanya kazi, ingawa nguvu ya sumaku ya dunia hapa kwetu ni kama theluthi mbili ya ile ya Ujerumani, kwa hiyo waya wa betri uliopita karibu na dira unaisumbua kwa namna tofauti na ulivyoisumbua kiwandani. Nilifurahi sana wahandisi wageni walipolikubali hili: ndege iliyofaulu kwao irudishwe darasani inapofika ziwani.

Basi hakuna kihisi kimoja kinachotosha. Kila kimoja kinasema kweli kwa namna yake na kinakosea kwa namna yake. Kazi ni kuvijumlisha.

Mjomba wangu alivua sangara upande wa kisiwa cha Ukara maisha yake yote, na nyavu zake alizitega katikati ya maji bila boya kubwa, kwa kuogopa wezi. Nilimuuliza anazipataje asubuhi. "Mjomba," akaniambia, maana tunaitana hivyo, "panga jabali na mti ulioko nyuma yake. Vikikaa mstari mmoja, umepata njia, hujapata nyavu. Sasa geuza uso upande mwingine kabisa, upange vitu vingine viwili. Njia zikikatana ndipo nyavu zilipo." Nikamuuliza kwa nini upande mwingine kabisa. Akasema njia mbili zinazokaribiana hazikuambii kitu. Ukikosea kidogo moja, unatafuta nyavu hadi jua la utosi.

Katika maelezo yake kuna nusu ya elimu ninayoitumia kazini. Nusu ya pili, yaani kiasi gani umwamini kila mmoja, iliandikwa mwaka 1960 na Rudolf Kálmán, mwanahisabati mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Stanley Schmidt wa kituo cha NASA cha Ames aliiona hesabu hiyo mapema na akaona inaweza kuongoza chombo cha kwenda mwezini. Ikaingia katika safari za Apollo. Leo kichujio cha Kalman, au jamaa zake, kimo ndani ya karibu kila ndege isiyo na rubani unayoiona ikiruka juu ya harusi.

Nitaonyesha kwa namba, kwa sababu ni namba rahisi. GPS inasema ndege iko mita 120 juu, nayo inakiri kwamba inaweza kukosea kwa mita 6. Barometa, iliyosahihishwa na mwenzake wa chini, inasema mita 114, na inakiri kosa la mita 3. Nani aaminiwe? Ukichukua katikati utapata 117, na utakuwa umemheshimu anayekosea zaidi sawa na anayekosea kidogo. Hesabu inasema uzito wa kila mmoja uwe kinyume cha kosa lake lililozidishwa kwa lenyewe: kosa likikua, uzito unapungua. Mita 6 mara 6 ni 36, mita 3 mara 3 ni 9. Kwa hiyo neno la barometa lina uzito mara nne ya neno la GPS. Chukua 120 mara moja na 114 mara nne, ugawe kwa tano. Jibu ni mita 115.2. Na kosa la jibu hilo ni mita 2.7, dogo kuliko la barometa peke yake. GPS iliyokuwa dhaifu bado imesaidia. Mimi hadi leo naliona jambo hilo kuwa zuri: chombo dhaifu kinachokiri udhaifu wake kwa ukweli kinaongeza usahihi, na chombo bora kinachojisifu kinaharibu kila kitu.

Kichujio kinafanya hivyo mfululizo. Vihisi vya mchapuko na mzunguko vinakisia ndege itakuwa wapi sehemu ndogo ya sekunde ijayo. GPS ikifika, mara chache kwa sekunde, inasahihisha makisio. Na katika kusahihisha, kichujio kinajifunza pia kihisi cha mchapuko kinakosea kiasi gani leo, kwa joto la leo. Zile mita 18 za dakika moja zinakatwa kabla hazijazaliwa. GPS ikikatika kwa sekunde kumi juu ya maji, ndege inaendelea na ilichojifunza, huku ikipanua polepole kiasi cha kosa inachokiri.

Sharti moja halisameheki: makosa ya vihisi yasitoke chanzo kimoja. Hapa ndipo ninapobishana na watu wengi. Mfano mzuri ni rada ya Mwanza. Kwa miaka mingi Tanzania ilitegemea rada ya Dar es Salaam iliyonunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ile ambayo wananchi wengi waliijua kupitia "chenji ya rada", fedha zilizorudishwa na BAE Systems na kununuliwa vitabu na madawati ya shule. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne mpya: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni hatua kubwa kwa anga la kanda hii. Rada hizi zinaiuliza ndege, na kifaa ndani ya ndege kinajibu. Umbali na mwelekeo rada inaupima yenyewe, kwa muda wa jibu na upande antena ilikoelekea. Urefu haiupimi. Inaupokea kutoka ndani ya ndege, na ndege imeusoma kwenye barometa yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Barometa inasema hivi, na rada imethibitisha," namwambia rada haikuthibitisha kitu, imerudia. Vilevile kuna mfumo ambao ndege inatangaza yenyewe mahali ilipo kwa kila anayesikiliza. Ni mzuri kwa usalama, lakini namba inayotangazwa imetoka GPS ileile. Vioo vitatu vya kompyuta vikionyesha alama ya ndege mahali pamoja, uliza kwanza kama vimekunywa kisima kimoja. Mwelekeo wa rada ni ushahidi wa kweli kwa sababu hautegemei setilaiti, ingawa kwa umbali wa kilomita 100 kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi linakuwa mita 175.

Ndiyo sababu wakati wa kupaa na kutua natumia mashine ya wapima inayorusha leza na kufuata kioo kidogo tulichokifunga chini ya ndege. Inapima pembe na umbali yenyewe, haijui setilaiti ni nini. Ikikubaliana na GPS kwa sentimita chache, kukubaliana huko kuna thamani. Wazee wa kazi hii duniani walitumia kamera mbili zilizofungwa juu ya vipimia pembe, wakasoma filamu picha kwa picha kutafuta roketi ilipokuwa. Hapa Afrika Mashariki, pwani ya Malindi, kituo cha San Marco cha Waitaliano kilirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini kati ya 1967 na 1988, ikiwemo Uhuru iliyoondoka Desemba 12, 1970, na roketi zile zilihitaji antena za nchi kavu kuzifuata. Leo Malindi hiyohiyo ina kituo cha kudumu cha kupokea setilaiti za GPS ambacho wanasayansi wa dunia nzima wanakitumia. Kingine kiko Mbarara, Uganda, ng'ambo ya ziwa letu.

Mambo mawili madogo yanaharibu majaribio mengi kuliko dhoruba. La kwanza ni saa. Kila kihisi kina ucheleweshaji wake. Ndege inayokwenda mita 25 kwa sekunde, kihisi chake kimoja kikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde, umepata mita 5 za kosa ambazo hazipo hewani, zipo kwenye karatasi. La pili ni nafasi ndani ya ndege. Antena iko juu ya bawa, jairo ziko tumboni, kioo changu kiko chini. Ndege ikiinama kukata kona, vitu hivyo vinatengana. Mimi napima umbali wa kila kimoja hadi kingine kwa milimita kabla ya kuruka, na siruhusu mtu kufungua parafujo baada ya hapo.

Kisha kuna mlango wa kukataa. Kichujio kizuri kikipokea kipimo kilicho mbali mno na kilivyotarajia, kinakikataa, kwa kudhani ni mwangwi au ishara iliyovurugwa. Ni busara, ila ina hatari yake: ndege ikishajiaminisha jambo la uongo, itaukataa ukweli unapobisha hodi, mara moja, mara ya pili, na kuendelea. Kwa hiyo katika kumbukumbu za safari kitu cha kwanza ninachotafuta ni vipimo vilivyokataliwa. Viko vingapi? Vilikataliwa juu ya maji au karibu na mji? Vilikuwa vikielekea upande mmoja? Vikielekea upande mmoja, mara nyingi ndivyo vilivyokuwa sahihi.

Baada ya kutua tuna nafasi ambayo ndege angani haina: tunajua kilichofuata. Tunaipitisha kumbukumbu yote kutoka kuondoka hadi kutua, kisha tunaipitisha kinyume, kutoka kutua hadi kuondoka, na kuziunganisha njia hizo mbili. Hesabu yake iliandikwa mwaka 1965 na Rauch, Tung na Striebel. Sekunde zile kumi ambazo GPS ilikatika sasa zimeshikwa ncha zote mbili, na kosa lililokuwa likipanuka linabanwa katikati. Njia inayotoka hapo ndiyo ninayoitia saini.

Mwaka uleule wa majaribio ya Ukerewe, Oktoba 2018, Mwanza ilipokea pia mkutano wa Lake Victoria Challenge, ndege zikaruka kwenda kisiwa cha Juma, na watu wakaona kwa macho kwamba jambo hili linawezekana. Rwanda, tangu 2016, ndege za kampuni ya Zipline zinaangusha damu na dawa hospitalini, zikirudi zinanaswa kwa ndoano ya mkiani kwenye kamba iliyotandazwa hewani. Kunasa ndoano ndogo ya ndege iliyo mwendoni hakuwezi kufanywa na GPS ya simu. Ziwa letu lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na visiwa vyenye zahanati ambazo boti ikichelewa zinabaki na rafu tupu.

Nikiombwa ushauri na halmashauri za visiwani, yangu ni haya. Kabla ya kujenga kiwanja cha kutulia, kipimwe kwa TAREF11, pande zake nne na urefu wake, na namba zibandikwe ukutani pale zahanati ili yeyote anayekuja kurusha atumie hizohizo. Mwanza iwe na kituo cha rejea kinachowaka mchana na usiku, juu ya jengo la umma lenye umeme wa uhakika, masahihisho yake yawe wazi kwa mpima wa viwanja, kwa mvuvi na kwa rubani. Barometa iwekwe hapohapo. Na kila kampuni inayoomba kuruka ilete kumbukumbu za safari za jioni, ikiwa na vipimo vilivyokataliwa, kila kimoja na kiasi cha kosa kilichokiri. Kiwanja cha kutulia chenye upana wa mita 6 kinahitaji ndege yenye kosa lisilozidi mita 1, kwa sababu bawa nalo lina upana wake na upepo wa saa kumi una nguvu.